Elbe hadi Dresden au Mosel hadi Trier? Siku moja ya baiskeli, mito miwili

Kila Mei inapoingia, simu yangu hujaa swali moja kutoka kwa jamaa walioko huku Ulaya: jua limetoka, baiskeli za kukodi zipo, siku ya mapumziko ni moja tu, twende wapi? Huwa najibu: fuateni mto. Mto haupandi mlima. Nimekulia Tabora, nimejifunza kunyonga Phoenix ya baba nikiwa nimepitisha mguu chini ya bomba kwa sababu kiti sikukifikia, na sina magoti ya kushindana na milima ya watu.

Ujerumani ina njia nyingi za baiskeli kandokando ya mito, ila kwa safari ya siku moja inayoishia kwenye mji wenye historia, mabishano nyumbani kwetu huwa kati ya mbili. Moja ni mto Elbe, kutoka Bad Schandau karibu na mpaka wa Czech mpaka Dresden. Nyingine ni Mosel, kutoka Bernkastel-Kues mpaka Trier, upande wa pili wa nchi, jirani na Luxembourg. Nimezinyonga zote zaidi ya mara moja, na mwaka jana nilizirudia katika kiangazi kimoja pamoja na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Dodoma. Humu yeye ndiye mizani yangu: mtu wa miaka hamsini na kitu, mzima wa afya, ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa sekondari.

Kilomita, na upepo

Elbe ni karibu kilomita 40. Mosel ni karibu 65, kwa sababu mto wenyewe unajikunja kama nyoka aliyeshiba na njia inajikunja nao. Kwa kipimo cha nyumbani, ya kwanza ni kama Dar es Salaam hadi Kibaha, ya pili ni kama Dar hadi Bagamoyo. Kwa mwendo wa kawaida wa mtu asiye na haraka, tuseme kilomita 14 kwa saa, Elbe ni saa tatu za kunyonga na Mosel ni karibu saa tano. Ongeza kula, kupiga picha na kutafuta choo, unapata nusu siku na siku nzima.

Watu huniuliza kama mtu anashuka na maji au anapanda nayo. Kwenda Dresden unashuka na Elbe, kwenda Trier unapingana na Mosel. Lakini usipoteze usingizi kwa hilo. Tofauti ya kimo ni ndogo kiasi kwamba mguu hauisikii. Kinachosikika ni upepo. Ujerumani upepo mwingi hutoka magharibi, na safari zote mbili zinaelekea magharibi, kwa hiyo popote utakapokwenda jiandae kuupokea kifuani. Kwenye Mosel mikunjo inakusaidia: unaumia dakika ishirini, kisha njia inageuka na mlima unakukinga. Mabonde ya wazi ya Elbe karibu na Dresden hayana huruma hiyo.

Treni ndiyo itakayokuamulia

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaochagua kwa kutazama picha za mji. Mimi huchagua kwa kutazama reli.

Kando ya Elbe, kutoka Bad Schandau mpaka Dresden, treni ya mjini iitwayo S1 inakimbia karibu na maji sehemu kubwa ya njia. Königstein ina stesheni. Rathen ina stesheni. Wehlen, Pirna, Heidenau, zote. Aliyechoka anashuka kwenye baiskeli, anasukuma hatua chache, anapanda behewa lenye nafasi ya baiskeli, na muda si mrefu yuko Dresden. Shemeji yangu alifanya hivyo hasa. Tulipofika Pirna, kilomita kama 20 kutoka tulikoanzia, alisimama akashika kiuno, akatazama stesheni, akanitazama mimi.

“Shemeji, mimi nashukia hapa.”

Nilipofika Dresden saa mbili baadaye nilimkuta amekaa kando ya mto, ameshakula, ameshapiga simu Dodoma, na hana kinyongo na mtu. Siku ilikuwa bado yake.

Sasa njoo Mosel. Kati ya Bernkastel na Schweich, karibu na Trier kabisa, hakuna treni kando ya mto. Zamani ilikuwepo, reli ndogo iliyopita vijiji vya mizabibu, na Wajerumani waliibatiza jina la utani linalomaanisha katreni ka walevi, kwa sababu abiria wake walikuwa wakionja divai kituo hadi kituo. Ilifungwa miaka ya 1960. Leo vipande vya njia ya baiskeli vinapita juu ya tuta lake. Kilichobaki ni basi liitwalo RegioRadler, linalovuta tela la baiskeli msimu wa kiangazi kati ya Trier na Bernkastel na kuendelea mbele. Ni huduma nzuri, na ndiyo ninayoitumia asubuhi: unalala Trier, unapanda basi na baiskeli yako mpaka Bernkastel, unanyonga kurudi. Lakini tela lina nafasi chache, na asiyeweka nafasi mapema siku za mwisho wa wiki ataliona likipita.

Sisi tuliliona likipita. Baada ya kijiji cha Piesport tairi la nyuma la shemeji lilipasuka ubavuni, si pancha ya kuziba, ni mpasuko wa kidole kizima. Tyubu ya akiba tulikuwa nayo, pampu tulikuwa nayo, tairi hatukuwa nalo. Duka lililotukodisha baiskeli lilisema kwenye simu kwamba wao hawafuati mteja. Tukasukuma mpaka Neumagen zaidi ya saa nzima, huku mizabibu pande zote mbili ikituangalia. Basi la kwanza lilikuwa limejaa. La pili likatuchukua. Tuliingia Trier saa mbili usiku, na kitu pekee kilichotuokoa ni kwamba Juni jua la huko bado linawaka saa hiyo. Trier iko magharibi sana, jua linazama karibu nusu saa baada ya Dresden. Ukipanga safari ndefu, nusu saa hiyo si ya kudharau. Na Mwislamu anayesubiri Magharibi aende na saa yake mkononi, kwani Juni huingia karibu saa nne kasoro usiku.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si “Dresden au Trier?” Jiulize ni nani atakayekuwa nawe, na akichoka katikati atarudi vipi.

Mto huru na mto uliofungwa

Mito hii haifanani hata kwa tabia. Mosel ilifungwa kwa mabwawa na milango ya kupitishia meli, kazi iliyokamilika mwaka 1964, na tangu hapo maji yake yametulia kama ya ziwa. Utapita milango hiyo Wintrich na Detzem. Simama uone mashua ya makaa au vyuma ikiteremshwa taratibu kama ndoo kisimani. Vijiji vinajitazama kwenye maji, na asubuhi pasipo upepo huwezi kusema mlima ni upi na kivuli chake ni kipi.

Elbe ni mtukutu zaidi. Kuanzia mpaka wa Czech mpaka Geesthacht karibu na Hamburg hakuna bwawa hata moja, kwa hiyo mto unajaa na kukauka upendavyo. Agosti 2002 kipimo cha Dresden kilifika mita 9.40, wakati siku za kawaida kinasoma mita moja au mbili. Vijijini utaona alama za mafuriko zimechongwa ukutani, nyingine juu ya kichwa chako. Ukame nao una alama zake. Ng'ambo ya mpaka, Děčín, kuna jiwe mtoni linaloonekana maji yakipungua sana, limeandikwa kwa Kijerumani: ukiniona, lia. Nilipomtafsiria shemeji alinyamaza kidogo kisha akasema Wagogo hawahitaji jiwe.

Njiani

Kwa macho, nusu ya kwanza ya Elbe haina mpinzani. Miamba ya jiwe la mchanga imesimama wima pande zote, ngome ya Königstein imekaa juu ya kilima chake mita 240 juu ya mto, na ukifika Rathen utaona daraja la mawe la Bastei, la mwaka 1851, limening'inia kati ya nguzo za miamba juu kabisa. Rathen pia ina pantoni la ajabu. Halina injini ya kulivusha: limefungwa kwa waya mrefu katikati ya mto, nahodha analigeuza kidogo, na mkondo wenyewe unalisukuma ng'ambo. Sisi tuliozoea kusukumana Kigamboni tulibaki kushangaa jinsi linavyokwenda kimya.

Njia yenyewe ni lami laini sehemu kubwa, na kwa bahati mbaya kila mtu anajua hivyo. Jumamosi ya jua utapiga kengele mpaka kidole kiume. Siku ya Kupaa Bwana usiende kabisa. Wajerumani wameifanya sikukuu ya akina baba, na makundi ya wanaume huzagaa njiani yakikokota mikokoteni ya bia.

Pirna ina soko zuri la zamani ambalo mchoraji Canaletto wa Dresden, jina lake halisi Bernardo Bellotto, alilichora karne ya 18, na bado linafanana na picha. Juu ya mji huohuo lipo jengo la Sonnenstein, ambamo Wanazi waliwaua kwa gesi watu karibu 14,000, wengi wao wagonjwa wa akili na walemavu, mwaka 1940 na 1941. Kuna makumbusho. Sisi hatukupanda, ila nilimwambia shemeji kilichotokea pale, maana si sawa kupita chini yake mtu anakula aiskrimu bila kujua.

Baada ya Pirna ndipo ninapowaonya watu: kipande cha Heidenau ni cha kawaida tu, viwanda na nyumba. Dawa yake ni kuvuka kwa pantoni kwenda Pillnitz, jumba la kiangazi la wafalme wa Saksonia, penye mti wa kamelia wenye zaidi ya miaka 200 ambao wakati wa baridi husogezewa nyumba ya vioo juu ya reli. Ng'ambo hiyo utafika Loschwitz kwenye daraja la chuma la 1893 waliloliita Muujiza wa Bluu, kwa sababu linavuka mto bila nguzo hata moja ndani ya maji.

Mosel uzuri wake ni wa kurudiarudia, na watu wawili hawakubaliani kama hiyo ni sifa au kasoro. Mlima wa mizabibu, kijiji, kanisa, daraja, mkunjo. Mlima wa mizabibu, kijiji, kanisa. Mimi hunituliza. Shemeji alisema kufikia saa nane mchana alikuwa ameshaona zabibu za kutosha maisha yake yote. Miteremko ni mikali kiasi kwamba unajiuliza wachumaji wanasimamaje, na udongo wake ni vigae vyeusi vya mawe vinavyotunza joto la jua usiku. Sehemu nyingine njia inaambatana na barabara kuu, na kelele za magari zinakuharibia dakika kumi hapa na pale.

Lakini ukipenda mambo ya kale yenye masimulizi, Mosel imejaa. Kues ina nyumba ya wazee iliyoanzishwa karne ya 15 na Kardinali Nikolaus, mzaliwa wa hapohapo, kwa ajili ya wanaume 33 tu, hesabu ya miaka ya Yesu duniani. Mpaka leo inatunza wazee, na inaendeshwa kwa shamba lake la mizabibu. Ukitafuta mfano wa wakfu uliodumu, huo hapo. Piesport walifukua mtambo wa Kirumi wa kukamulia zabibu. Neumagen lilipatikana jiwe la kaburi la Mrumi tajiri lililochongwa mashua iliyobeba mapipa ya divai, wakaunda mashua halisi kama ile na kuifunga gatini. Tulipumzika kivulini mwake tukisubiri basi, tumekunja nyuso. Na kijiji cha Detzem kinaitwa hivyo kwa sababu kilikuwa kwenye jiwe la kumi la kupimia barabara. Warumi walikuwa wanahesabu kutoka Trier, kama wewe unavyohesabu siku hiyo.

Kuingia mjini

Dresden inakupokea kwa mbali. Kilomita kadhaa kabla, mto unapanuka kwenye malisho ya kijani, na minara inaanza kuchomoza mmoja mmoja. Ni mlango mzuri wa mji kuliko yote niliyowahi kuingilia kwa baiskeli. Unesco iliuweka ukanda huo wa mto kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, kisha ikautoa mwaka 2009 kwa sababu mji ulishikilia kujenga daraja jipya katikati yake. Utapita chini ya daraja hilo na kuamua mwenyewe kama lilistahili ugomvi. Daraja jingine, Carola, sehemu yake ilianguka mtoni usiku wa 11 Septemba 2024, kwa hiyo karibu na katikati ya mji ukikuta vibao vya mchepuko vifuate bila ubishi.

Kanisa la Frauenkirche ndilo litakalokushika. Mabomu ya Februari 1945 yaliua watu wanaofikia 25,000 mjini humo, na kanisa, baada ya kuungua, liliporomoka tarehe 15. Kifusi kilikaa miaka yote ya Ujerumani Mashariki. Ujenzi ulianza 1994, likafunguliwa tena 2005, na mawe ya zamani yaliyookolewa yamerudishwa ukutani: yale meusi ndiyo yaliyokuwepo. Msalaba wa juu ulifuliwa na fundi wa London ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yaleyale. Mtu wa Unguja atashangaa kwa sababu nyingine pia. Akitembea Prager Straße ataona magorofa marefu ya mstari mmoja, akahisi yuko Michenzani. Si ndoto, baada ya Mapinduzi ya 1964 ni Ujerumani Mashariki iliyoisaidia Zanzibar kuanza kujenga majumba ya namna ile.

Trier haijitangazi. Unaingia kwa kando, ukipita viwanja vya michezo na maegesho ya magari, kisha ghafla Porta Nigra iko mbele yako. Ni lango la mji la Kirumi la mwaka 170 hivi, mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa na kuunganishwa kwa vibanio vya chuma. Limesalimika kwa sababu ya mtawa aliyeitwa Simeon, aliyejifungia humo mpaka akafa mwaka 1035. Wakaligeuza kanisa, na kanisa halibomolewi. Napoleon ndiye aliyeamuru lirudishwe kuwa lango. Kuna ukumbi wa enzi wa Konstantino, kaizari wa Kirumi, mkubwa hata sala hupotea ndani yake, na daraja ambalo nguzo zake ni za karne ya 2 na bado linapitisha mabasi.

Kisha yupo Karl Marx. Alizaliwa Trier tarehe 5 Mei 1818, na miaka 200 baadaye China ikaupa mji sanamu yake ya mita tano na nusu. Hata taa za waenda kwa miguu mahali fulani zina kijimtu chenye ndevu. Duka la watalii linauza noti ya euro sifuri yenye sura yake, kwa euro tatu. Shemeji, aliyesomeshwa siasa Tanzania ya Ujamaa, alicheka mpaka akakaa chini.

Ukinilazimisha kuchagua mji peke yake, bila njia, ni Trier. Dresden imejengwa upya kwa ustadi mkubwa, lakini mawe ya Porta Nigra hayakuhitaji kurudishwa. Mke wangu anasema nakosea na kwamba siwezi kulinganisha makumbusho ya Dresden na chochote. Kwa makumbusho yuko sahihi.

Tumbo na tiketi

Pande zote mbili utakula mkate, soseji na viazi, na asiyekula nguruwe aulize kwanza. Kebabu ya Kituruki utaipata mjini. Mosel kila kijiji kinakuuzia divai. Asiyekunywa aombe juisi ya zabibu, nayo hutoka mashamba yaleyale na ni tamu kuliko ya dukani. Anayekunywa akumbuke kwamba polisi wa Ujerumani humshtaki hata mlevi wa baiskeli.

Tiketi ya mwezi ya nchi nzima inakubeba wewe, haibebi baiskeli yako. Treni za mkoa wa Trier huchukua baiskeli bure siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi, na siku nzima mwisho wa wiki. Dresden utainunulia tiketi yake. Kwa aliye Berlin au Prague, Dresden ni karibu saa mbili za treni; kwa ndugu zetu Wakongo walioko Brussels, Trier iko karibu kuliko Dresden, na kwa aliye Luxembourg ni jirani kabisa, na ndani ya Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu 2020.

Nani aende wapi

Ukiwa na watoto, wazazi, mgeni kutoka nyumbani, au mtu yeyote ambaye hujawahi kumwona akinyonga zaidi ya saa moja: Elbe, siku ya kazi, na kituo cha kwanza cha kupumzika kiwe Rathen. Ukiwa peke yako au na mwenzako mwenye miguu na subira: Mosel, basi la asubuhi lililowekwa nafasi, tairi ulilolikagua mwenyewe ubavuni kabla ya kulipa.

Na kama ni Trier tu unayoitaka lakini kilomita 65 zinakutisha, kuna njia ya uani. Panda treni mpaka Saarburg, mji mdogo wenye maporomoko ya maji katikati ya mitaa yake, kisha ufuate mto Saar mpaka Konz unapoingia Mosel, na kutoka hapo mpaka Trier. Jumla ni karibu kilomita 25, na treni iko karibu nawe muda wote. Shemeji ameshaniandikia kwamba mwaka huu ndiyo hiyo, na kwamba anakuja na kiti chake mwenyewe kutoka Dodoma.